Unaenda kwa Senge Kupumzika

Nasambu mwanangu,

Sasa ni saa kumi na moja jioni na mvua imekatika. Begi lako liko karibu na mlango, nawe uko nyuma ya jikoni unasugua viatu. Nimekaa kwenye meza ya chakula na daftari moja la shule lililobaki tangu nistaafu. Nakuandikia kwa Kiswahili badala ya lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu ile ya nyumbani nimeizoea kwa kukutuma: lete maji, fungia kuku, amka. Nikiianza tu nitajikuta nimekuamrisha jambo.

Sitakuambia ubebe sweta. Baridi ya huko Lugari uendako unaijua mwenyewe. Sitakuambia umsaidie senge yako vyombo, wala upige simu ukifika. Hayo yote yaache. Kuna mambo mengine ambayo nimeshindwa kuyasema kwa mdomo miezi hii miwili uliyokaa hapa, na leo ndiyo siku ya mwisho.

Wasichana wa hapa Malava huondoka kwao kwenda kusoma, kwenda kazini, au kuolewa. Wewe kesho asubuhi unaondoka kwenda kwa senge yako, dada ya baba yako, kupumzika, kwa sababu nyumbani kwa mama yako ulishindwa kupumzika. Juzi uliposema hivyo tukila, nilinyamaza, na baba yako akadhani nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa natafuta kosa katika maneno yako, kama mwalimu anavyotafuta, na sikuliona.

Nianze na siku ile ya simu. Rafiki yako Mercy, muuguzi mwenzako huko Nairobi, ndiye aliyenipigia. Akasema, “Mama, usishtuke. Nasambu hajaumia. Amekaa tu kwa ngazi za hospitali, hawezi kuinuka aingie wodini.”

Nikamuuliza kama ni miguu. Akasema si miguu. Nikauliza kama ni presha. Akasema daktari amekupima na presha iko sawa.

“Ni uchovu, mama. Amechoka kupita kiasi. Mkuu wa wodi amesema aende nyumbani, na daktari ameandika miezi mitatu.”

Nilipokata simu nilimgeukia baba yako nikamwambia, “Miezi mitatu ya uchovu! Mtu anachokaje miezi mitatu?” Hilo ndilo neno la kwanza nililolisema juu ya ugonjwa wako. Hukulisikia. Ningeweza kulificha, lakini nadhani yote niliyokufanyia baadaye yalitoka humo.

Ulifika siku ya pili saa nane mchana, bodaboda ikakushusha pale kwenye miwa. Ulikuwa umekonda. Ulinikumbatia ukaniambia sikioni, “Mama, nimeisha.” Nikakujibu, “Karibu chai.” Na kabla hujamaliza kikombe hicho cha chai nilikuwa nimeshakuuliza utarudi kazini lini.

Wiki za kwanza nilijaribu kukuponya kwa njia ninazozijua. Kila Jumapili nilichinja kuku, ile ingokho yetu. Nilikuwa nikikutengea paja, na wewe unalisukuma pembeni ya sahani taratibu ili nisione, na mimi naona. Ulipolala mpaka saa nne, nilifagia chini ya dirisha lako. Nilijiambia ni pale penye uchafu. Majirani walipouliza, niliwaambia uko likizo fupi. Halafu, ili waone kwamba mwanangu bado ni mtu wa maana, niliwaita waje uwasaidie. Huyu ana vidonge haelewi anywe vingapi, yule mtoto wake ana upele. Ulikuwa unatoka chumbani na shuka umejifunga, unasoma ile karatasi ya dawa, unamweleza mtu vizuri kabisa, kisha unarudi kitandani. Hukukataa hata mara moja. Nilichukulia kwamba unapenda.

Akina mama wa kanisa walikuja kukuombea. Ulikaa kwenye kiti cha baba yako, kichwa umeinamisha, wamekuwekea mikono mabegani. Walipomaliza, mmoja alinivuta uani akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, na huyu analalanga tu mchana kutwa? Hana shida ya kichwa?” Nikamjibu haraka, “Anaamkanga mapema, leo tu ndiyo umemkuta hivyo.” Nilidanganya mtu aliyetoka kusali nyumbani kwangu.

Baba yako alijaribu kunionya. Unajua haongei mengi. Jioni moja alikuja akanikuta nakuandalia ratiba, ndiyo, ratiba ya kutembea, kula na kusoma Biblia, nikitumia rula. Akaitazama akasema, “Mwalimu, ng’ombe akichokanga anaachwa alale. Hapewi ratiba.” Nilimwambia mtoto wangu si ng’ombe. Akavaa buti zake akaenda zake shambani.

Sasa nije kwenye ile Jumapili ya Sarah.

Mvua ilianza saa saba na haikuwa mvua ya kuchezea. Mama mkwe wake Sarah, jirani yetu, alikuja mbio, leso kichwani imelowa, akisema mkaza mwanawe uchungu umemshika kabla ya siku zake, na bodaboda zimekataa kupita kwa matope. Nilikuja chumbani kwako. Ulikuwa umelala. Wiki tano nzima nilikuwa nikikusikia unageukageuka na kitanda kinalia, lakini siku ile ulikuwa umelala kweli, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja unaning’inia nje ya kitanda kama ulivyokuwa ukilala ukiwa mdogo. Nilisimama hapo nikakuangalia. Nataka ujue kwamba nilijua. Nilijua huo ndio usingizi tuliokuwa tunausubiri. Halafu nikakushika bega nikakutikisa.

Mikono yako ilitetemeka njia nzima mpaka kwa Sarah. Uliniomba sabuni, maji moto na vitambaa safi. Lakini ulipomgusa Sarah tumboni, mikono ikatulia. Ukamwambia, “Sarah, niangalie mimi. Usisukume bado. Pumua.” Mimi nilikuwa nimeshikilia tochi kwa sababu mvua ilikuwa imeleta giza humo ndani, na nilikuwa nakutazama wewe kuliko yeye. Sikuwa nimewahi kukuona kazini. Mtoto alitoka, akanyamaza kidogo, ukamsugua mgongo, akalia. Kitovu hukukikata. Ulisema hospitali watakata, ukawafunga mama na mtoto pamoja kwa leso, kifua kwa kifua, na tukakaa hivyo mpaka gari likapatikana.

Kama nisingekuamsha, Sarah angezaa na nani? Hilo swali bado nalizungusha. Hata ikirudi leo, mvua ileile, pengine nitakuamsha tena. Kwa hiyo sikuombi msamaha kwa kukuamsha. Naomba msamaha kwa yaliyofuata.

Tulikuwa tunarudi kwenye ule utelezi, wewe mbele, mimi nyuma. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Nikakuambia kwa sauti, ili unisikie kwenye mvua, “Unaona? Unaweza! Hujaisha wewe!”

Hukugeuka. Ulifika nyumbani, ukanawa, ukaingia chumbani. Siku nne hukuongea na mtu. Uliitikia kwa kichwa tu, chai ndiyo, chakula hapana. Na siku hizo nne mimi nilikuwa naenda dukani na kisimani kusimulia jinsi binti yangu alivyozalisha kwenye mvua bila glovu. Nikirudi nakuta mlango umefungwa, nasimama nje yake, nainua mkono kubisha, nashusha. Sikujua la kufanya. Nimefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, na nilisimama nje ya mlango wa wangu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Siku ya tano ulimfuata baba yako zizini akiwa anakamua. Mimi nilikuwa jikoni. Ukuta wa jikoni ni mabati tu, kwa hiyo nilisikia, na nimekuwa nikijifanya sikusikia.

Ulimwambia, “Baba, unajua ni kwa nini nilikaa kwa zile ngazi?”

“Sijui, mama.” Anakuitanga mama kila mara, kwa kuwa ulipewa jina la mama yake, lakini siku hiyo alilisema polepole.

“Siku iliyotangulia, mashine ya mtoto mmoja ililia. Mtoto mdogo sana, wa kuzaliwa kabla ya wakati. Nikaisikia. Nikasimama nikiitazama, nikahesabu mpaka kumi ndipo nikaenda. Mtoto alikuwa sawa, hakuna kilichomfanyikia. Lakini sikuhisi kitu, baba. Hata kuogopa sikuogopa. Nikaona nikiingia tena kesho, naweza nisiende kabisa.”

“Ukaketi.”

“Nikaketi.”

Nikasikia maziwa yanaingia ndooni. Kisha baba yako akasema, “Ulifanya vizuri kuketi.”

Halafu ukalia. Ulilia kwa muda mrefu, na yeye akaendelea kukamua karibu yako. Nilikuwa na sufuria mkononi. Nilitaka kutoka nije hapo zizini nikwambie jambo moja tu, kwamba hicho kitu nakijua. Sikutoka. Nilisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Uliingia kuchukua maji, macho mekundu, nikakuambia, “Chota yale ya kwenye jagi.” Hilo ndilo nililosema.

Nililopaswa kusema ni hili.

Ulikuwa na miaka tisa, uko darasa la tatu. Mimi nilikuwa nafundisha Hesabu darasa la nane, na ndiyo nilikuwa nimefanywa naibu wa mwalimu mkuu. Kukhu wako, bibi yako, alikuwa mgonjwa hapa nyumbani, ndiye niliyemwogesha kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Jumamosi nilifundisha masomo ya ziada, Jumapili nilikuwa na watoto wa kanisa. Nilikuwa nikisifiwa. Watu walisema Mwalimu yule hachoki, na mimi nilipenda kusikia hivyo kuliko nilivyopenda chochote wakati huo.

Asubuhi moja nilikuwa ubaoni naandika hesabu ya kugawanya sehemu. Nimeandika mstari wa kwanza na wa pili, kisha chaki ikasimama. Sikukumbuka kinachofuata. Niliutazama ubao, nikaona alama tu, hazina maana yoyote. Sijui nilisimama muda gani. Msichana mmoja wa mbele, Lilian, mtoto mpole sana, akainuka akanijia karibu na kuniuliza, “Mwalimu, uko sawa? Tukuitie mtu?”

Nilimpiga kofi. La nguvu, la uso. Kalamu yake iliruka ikaenda chini ya dawati la mwenzake. Na nilipomtazama ameshika shavu, sikuhisi kitu, Nasambu. Nilingoja kuona aibu, na aibu haikuja. Nikageuka ubaoni, hesabu ikanirudia, nikaimaliza.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini mchana. Hakunigombeza. Aliniambia, “Chukua wiki mbili, Mwalimu. Darasa lako nitalishika mimi.” Nikamuuliza, “Nikikaa nyumbani wiki mbili nitakuwa nani?” Aliinamia karatasi zake, nami nikadhani nimemshinda. Kesho yake nilikuwa shuleni kabla ya kengele. Nikaendelea hivyo mpaka mwaka jana nilipostaafu. Kwenye sherehe walinipa blanketi na wakasema mbele ya wazazi kwamba sikukosa kazini hata siku moja. Wewe ulikuwepo. Ulipiga makofi.

Hukujua makofi hayo yalitokana na nini. Au labda ulijua kuliko wote. Ni wewe uliyekuwa ukija na mchoro wako unataka nikuangalie, nami nakwambia weka hapo. Mchoro ulikaa hapo mpaka ukachukuliwa kuwashia moto. Kuna siku nilijitupa kitandani na viatu, nikahisi mtu ananivua kimoja halafu kingine, pole pole ili nisiamke. Nilikuwa macho. Sikufungua jicho kukushukuru kwa sababu niliogopa ungeanza kuongea. Ukawa mtoto anayetembea kwa ncha za vidole nyumbani kwao. Ukajifunza kupika obusuma, ugali wetu, ukiwa umesimama juu ya kigoda. Hukuomba kitu, hukusema umechoka, na watu walinisifia malezi. Hiyo hospitali ya Nairobi ilipokea mtu niliyekwisha kumfundisha kunyamaza.

Lilian sasa anauza nyanya soko la Malava, upande wa chini karibu na wauza viazi. Ana watoto wawili. Ananisalimianga vizuri, “Mwalimu, habari ya nyumbani?” Uliniuliza mbona nyanya zinaozea hapa kila wiki na mimi sikomi kununua. Ni zake. Kila siku ya soko natoka hapa nimeyapanga maneno, nafika, naona ananifungia mfuko na kuniongezea moja ya juu, na maneno yananikwama. Sijamwambia. Nina miaka sitini na moja na sijamwambia.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo siku uliyolia zizini, na nikakupa maji ya jagi.

Kuhusu senge yako Rodah, lazima niseme ukweli pia. Tangu niolewe hapa nimemwita mvivu. Wewe umenisikia. Anafunga duka lake la ushonaji baada ya chakula cha mchana na kulala. Akija hapa anakaa kwenye kiti, anatandaza miguu, anangoja chai, hata karai hashiki. Niliona vibaya kwamba mtu anaweza kuishi hivyo na asiadhibiwe na lolote. Ulipompigia simu juzi, sauti yake ilisikika mpaka hapa mezani: “Kuja. Kitanda kiko. Mimi sina maswali.” Wivu ulinishika mpaka nikaacha kula. Mimi ndiye mama yako, na nina maswali tu. Unakula? Umelala? Utarudi kazini? Watakungoja? Na usiporudi?

Umebakisha mwezi mmoja kwenye ile karatasi ya daktari. Sijui kama utarudi kwa wale watoto wachanga, na baba yako hajui, na nadhani hata wewe hujui. Juzi nilitaka kukushika mkono nikwambie itakuwa sawa, nikaona sina mahali pa kulitoa hilo neno. Mimi haikuwa sawa. Iliendelea tu, na mimi nikaiita kazi.

Jumapili watu wataniuliza uko wapi. Ningependa kukuahidi kwamba nitawaambia ukweli, kwamba binti yangu amechoka na amekwenda kupumzika. Nimelijaribu leo asubuhi peke yangu nikiwa kisimani. Lilitoka vibaya. Najijua. Ninaweza kusimama pale nje ya kanisa nikasikia mdomo wangu unasema umekwenda kozi. Likikufikia, ujue si kwamba nakuonea aibu wewe. Ni mimi ndiye sijui namna ya kusimama mbele ya watu bila kazi mkononi, yangu au yako.

Ushauri sina. Nimekaa na huu ukurasa nikiutafuta. Ukitaka kulala, lala. Unaona? Hata hilo limetoka kama amri.

Nimesikia sasa hivi umecheka. Uko huko nyuma ya jikoni na simu, unaongea na senge yako, na umecheka kile kicheko chako cha kukoroma kidogo ambacho sijakisikia tangu uje. Nilishainuka, nimefika mpaka mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, nije niwaulize mnacheka nini.

Nimerudi nimekaa. Bado unacheka.

Mama yako